Kijana anachora grafu ya kwadratiki safi lakini swali la hadithi linamshinda, nifanye nini?

Swali la msomaji:

"Habari mwalimu. Mimi ni mama, naishi Bahati huku Nakuru na kijana wangu yuko kidato cha tatu. Hesabu yuko sawa tu, akipewa ekwesheni ya kwadratiki, ile yenye x², ajaze jedwali na achore grafu anachora vizuri, lakini swali likija kwa hadithi anakwama, na sasa ameanza kuniambia eti hizo grafu ni za mtihani tu hazina kazi ingine. Nikaamua kumjaribu. Nina waya ya kuku mita 40 na nataka kuwatengenezea kiwanja kando ya nyumba, ukuta wa nyumba utakuwa upande mmoja kwa hivyo waya ni ya pande tatu. Ukuta wenyewe una mita 16. Nikamuuliza tupime aje ndio kuku wapate nafasi kubwa zaidi. Aliandika ekwesheni yake, akasumbuka nayo karibu saa nzima, akaniambia x ni 0 ama 20. Sasa tukipima 20 waya yote inaishia kwa pande mbili na hakuna kiwanja! Siku ingine alikuwa na swali la jiwe limerushwa juu kutoka kwa ghorofa, akapata sekunde 3 na sekunde −1, akafuta yote akisema amekosea. Je, hizi grafu zinasaidia mtu kweli? Na nimtafutie tuisheni ama nimwache?"

Jibu:

Mama, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kumpa kijana waya ya ukweli ya kushika na mkono. Nimefundisha hesabu hapa Kisumu miaka mingi na wazazi wengi wakiona mtoto amekwama wanakimbia kununua kitabu kingine cha marudio, wewe umemtoa nje ukamwonyesha ukuta. Hapo umeshamfundisha kitu.

Wacha nianze na hiyo 0 na 20 juu naona ndiyo imekusumbua zaidi. Kijana hajakosea hesabu hata kidogo. Amejibu swali vizuri kabisa, shida ni kwamba si swali lako. Wewe umeuliza kiwanja kitakuwa kikubwa zaidi lini, yeye amejibu kiwanja kitakuwa sifuri lini. Na ni kweli, ukiweka 0 huna kiwanja juu waya imelala yote ukutani, ukiweka 20 huna kiwanja juu waya imeenda na kurudi bila kuacha nafasi katikati. Hili kosa nimeliona kwa madaftari mengi kuliko kosa lingine lolote la kwadratiki, na linatoka mahali rahisi kuelewa: tangu aanze hizi ekwesheni, karibu kila moja aliyokutana nayo iliisha na "= 0", kwa hivyo siku hizi akiona x² tu mkono unaenda wenyewe kuandika sifuri kabla kichwa hakijasoma swali. Si uvivu na si kichwa kigumu, ni mazoea.

Kwa hivyo kitu cha kwanza cha kubadilisha si hesabu yake, ni kile anachofanya kabla ya hesabu. Ngoja tufanye hii ya kuku polepole.

Mwambie achore ukuta, halafu mikono miwili inayotoka ukutani, kila mkono mita x, na upande wa mbele unaofunga. Mikono miwili imekula 2x, mbele imebaki na 40 − 2x. Eneo ni mkono mara mbele, yaani x(40 − 2x), ukifungua mabano unapata 40x − 2x². Hapo ndipo kijana alifika, na alifika vizuri.

Sasa kabla aandike "= 0" mwambie ajaze jedwali tu kama vile anajaza shuleni. Mkono ukiwa 2, eneo ni 72. Ukiwa 5, ni 150. Ukiwa 8, ni 192. Ukiwa 10, ni 200. Ukiwa 12, inarudi 192, ukiwa 15 inarudi 150, ukiwa 18 inarudi 72, na 20 ni sifuri. Unaona namba zinapanda zikifika 10 zinageuka na kushuka kwa ngazi zile zile zilizopandia. Huo ni mlima, na pande zote mbili zinafanana kama karatasi uliyokunja katikati. (Na hii mwambie aishike hata kwa mtihani: jedwali la kwadratiki likiwa halifanani pande mbili kwa x zilizo mbali sawa kutoka katikati ya mlima, kuna namba moja imeharibika, na sana sana itakuwa ni ile ya x hasi, juu ukiandika −3² kwa kalkuleta bila mabano inakupa −9 badala ya 9.)

Lakini mlima unatoka wapi? Hapa ndipo walimu wengi tunapita haraka juu silabasi ni ndefu, na mimi nadhani ndipo mtoto anapotea. Angalia waya. Kila ukirefusha mkono mita moja, mbele inapoteza mita mbili, juu mikono ni miwili. Mwanzoni mikono ni mifupi na mbele ni ndefu sana, kwa hivyo mita moja ya mkono inakuletea eneo kubwa: kutoka 2 kwenda 3 unapata mita 30 za mraba zaidi. Kutoka 3 kwenda 4 unapata 26. Halafu 22, halafu 18, 14, 10, 6, na kutoka 9 kwenda 10 unapata 2 peke yake. Ukijaribu kutoka 10 kwenda 11 unapoteza 2. Kila hatua faida inapungua kwa 4, haichoki, inapungua 4 tu kila mara mpaka inageuka hasara. Popote utakapokuta vitu viwili vinavyozidishwa, na ukivuta kimoja kingine kinapungua kwa mwendo ule ule, utapata huu mlima. Hiyo ndiyo kwadratiki. Grafu ni picha ya kuvutana huko.

Sasa mlima una sehemu tatu ambazo swali linaweza kukuuliza, na hii ndiyo ningetaka kijana aibebe kwa kichwa kuliko fomula yoyote. Kuna mguuni, pale mlima unagusa ardhi, ambapo y ni sifuri. Kuna kileleni. Na kuna ubavuni, pale mlima unafika urefu fulani uliotajwa. Swali likisema "lini jiwe litaanguka chini", "lini biashara haipati faida wala hasara", hiyo ni mguuni. Likisema "kubwa zaidi", "juu zaidi", "bei gani italeta faida nyingi", ni kileleni, na kama x² ina namba chanya mbele yake mlima unapinduka unakuwa bakuli, sasa unatafuta sakafu ya bakuli kwa maswali ya "ndogo zaidi" ama "gharama ya chini". Likitaja kiasi fulani, "lini itafika mita 15", "ni bei gani italeta shilingi 1,000", ni ubavuni. Asome swali, aseme kwa mdomo: mguu, kilele, ama ubavu? Akishasema ndio aguse penseli. Ile 20 yake ni jibu la mguuni kwa swali la kileleni.

Haya, kilele kiko mkono 10, mbele 20, eneo 200. Kwa kitabu hapo tungepiga mstari wa mwisho na kupata maksi. Lakini mama umesema ukuta wako una mita 16, na mbele ya mita 20 itapita mwisho wa nyumba kwa mita 4, kuku watatoka hapo wakienda shamba la jirani. Kwa hivyo kilele kipo kwa karatasi lakini hukifikii. Mbele haiwezi kuzidi 16, maana yake mkono lazima uwe 12 ama zaidi, na kwa grafu hiyo ni ile sehemu ya kulia ambayo tayari inashuka. Ukiwa unashuka, pahali pa juu zaidi ni pale pa kuanzia. Kwa hivyo jibu lako, hilo la kupima na kamba kesho asubuhi, ni mkono mita 12, mbele mita 16, eneo mita 192 za mraba.

Kama kijana ni mkali atauliza, si tungevusha waya mwisho wa ukuta tufunge ile nafasi inayozidi? Swali zuri, na mwache alijaribu. Mbele ikiwa 18, kuna mita 2 ambazo ukuta haufuniki na zitahitaji waya pia, hizo pamoja na 18 ni 20, mikono inabaki 10 kila mmoja, eneo ni 180. Imepungua. Kwa hivyo 192 ndiyo mwisho wako.

Na hapa kuna kitu napenda sana kuhusu hizi grafu. Umekosa kilele kwa mita 2 nzima lakini umepoteza mita 8 za mraba kati ya 200, ni kama hakuna. Ni kwa sababu kilele cha parabola, yaani huu mlima wetu, ni laini, hakina ncha kama ya paa, ukikaribia juu mteremko unakuwa mdogo sana. Fomula inakupa 10 basi, haikwambii kwamba 9 na 11 zote ni 198. Grafu inakuonyesha hayo kwa jicho moja. Kwa mtu anayejenga hiyo ni habari ya maana, juu kama fundi anakuta jiwe mahali pa kuchimba shimo la nguzo anaweza kusogea nusu mita bila wasiwasi. Ndio maana pia huwa nakasirika kidogo nikiona mwanafunzi ameunganisha nukta za juu na rula. Akitumia rula kilele kinakuwa na ncha ama kinakuwa bapa kama meza, na ile habari yote imepotea. Penseli nyepesi, mkono mmoja bila kusimama, ageuze karatasi kama anataka mkono wake uwe ndani ya mpindo.

Tuseme sasa huhitaji nafasi yote hiyo, una kuku wachache na unataka mita 150 za mraba tu, waya yote itumike. Hiyo ni ubavuni. Achore mstari ulionyooka wa kulala kwa 150, atauona unakata mlima mara mbili, kwa 5 na kwa 15. Zote mbili ni kweli kwa ekwesheni. Lakini mkono 5 unadai mbele ya mita 30 na ukuta hauna, mkono 15 unadai mbele ya mita 10 na ukuta uko nayo. Unachagua 15. Ekwesheni haijui nyumba yako, wewe ndiwe unaijua.

Huo mstari wa kulala ndio ule ule unaowasumbua kwa KCSE wakiambiwa "tumia grafu yako kutatua ekwesheni hii nyingine". Wengi wanachora grafu mpya kabisa na muda unaisha. Haihitajiki. Mfano amechora y = x² − 2x − 3 na anaulizwa x² − x − 6 = 0, atoe ya pili kutoka kwa ya kwanza, x² zinaondoka, inabaki y = −x + 3, achore huo mstari juu ya grafu aliyonayo tayari na asome zinapokatana, x = −2 na x = 3. Ni ubavuni tu, ila safari hii mstari umeinama.

Sasa twende kwa jiwe. Nadhani swali lao lilikuwa urefu = 15 + 10t − 5t², juu hiyo ndiyo inaleta 3 na −1, na ni swali la kawaida. Jiwe limerushwa kutoka mita 15 juu, kwa mwendo wa mita 10 kila sekunde, na ile 5 ni nusu ya mvutano wa dunia, ambao ni kama 9.8 na kwa maswali ya shule tunasema 10. Mwendo wa jiwe unapungua mita 10 kila sekunde, kiasi kile kile kila mara, kama vile faida ya waya ilikuwa inapungua 4 kila hatua. Umeona ni kitu kimoja? Ndio maana kuku na jiwe zinachora mlima wa aina moja. Galileo kule Italia alishaligundua hili kwa kuteremsha mipira kwa mbao zilizoinama, miaka ya 1600 huko mwanzoni, hakuwa na saa ya sekunde, alikuwa anapima maji yanayotiririka ndio ajue muda.

Kijana asifute −1. Hiyo namba si kosa. Grafu haijui kwamba wewe ulirusha jiwe sekunde ya sifuri, yenyewe inaendelea kushoto kana kwamba jiwe lilikuwa njiani tangu zamani, na inakwambia kama jiwe lingekuwa limetoka ardhini likapita hapo ghorofani kwa mwendo huo huo, lingekuwa limetoka chini sekunde moja kabla. Hadithi yetu inaanza sifuri kwa hivyo tunaiacha, tunachukua 3. Lakini aiache kwa kuandika sababu, "muda hauwezi kuwa hasi", asifute. Kwa mtihani ile sentensi inamwonyesha anayesahihisha kwamba ameelewa, na kwa maisha ni vile vile tulivyofanya na mbele ya mita 30.

Kuna kitu kingine kuhusu jiwe ambacho hata watu wazima wanakosea. Grafu ya urefu na muda si picha ya njia ambayo jiwe lilipita. Jiwe lililorushwa wima kabisa linapanda na kurudi pale pale, halijaenda kando hata sentimita, lakini grafu yake bado ni mlima mzuri uliopinda. Chini ya grafu ni sekunde, si mita za kutembea. Nilikuwa nawauliza darasani, hapa kwa t = 1 jiwe liko wapi, na nusu ya darasa ilikuwa inaonyesha mahali fulani mbele ya ghorofa. Liko juu tu, mita 20, hapo hapo juu ya kichwa chako. Kila mara mwambie asome kwanza chini kumeandikwa nini na kando kumeandikwa nini.

Ulitaka kujua kama hizi grafu zinasaidia mtu kweli, na nikikupa mawe tu utasema bado ni shule. Chukua chapati. Hapa Kondele chapati tuseme ni bob 20, na mama anapika 100 zinaisha. Gharama ya unga, mafuta na makaa tuseme ni bob 10 kwa kila moja. Tuseme pia kila akipandisha bei bob moja anapoteza wateja wa chapati 5. Akiweka bei p, anauza 200 − 5p. Pesa inayoingia kwa kibeti ni p(200 − 5p), na kilele chake kiko bob 20, shilingi 2,000. Kwa hivyo ukiangalia pesa inayoingia utasema 20 ndiyo bei, usiguse. Lakini faida ni (p − 10)(200 − 5p), na huu mlima una miguu kwa 10 na 40, kilele kiko katikati kwa 25. Anauza chapati 75 tu lakini faida ni 1,125 badala ya 1,000. Milima miwili tofauti kwa biashara moja, na watu wengi sokoni wanapanda ule usio wao, wanahesabu pesa ya kibeti jioni na kufikiria ndiyo faida.

Angalia tena, bei 30 inaleta faida ngapi? 20 mara 50, ni 1,000, sawa kabisa na bei ya 20. Ubavuni pande zote mbili. Ila bei ya 30 amepika chapati 50 na bei ya 20 amepika 100. Faida ile ile, moshi nusu. Mtu aliyechora grafu anaona hilo bila hata kuhesabu, mstari wa kulala unamwonyesha.

Lakini niwe mkweli hapa, na ningependa kijana asikie hii pia. Ile "kila bob moja wateja 5" nimeitunga ndio hesabu iende. Wateja wa ukweli hawapungui kwa mstari ulionyooka hivyo. Jirani akiuza 20 na wewe ukiandika 25, siku ya kwanza unaweza kupoteza karibu wote. Bob 23 haina chenji ya haraka. Mwisho wa mwezi si katikati ya mwezi. Grafu ya biashara ni ya kukuonyesha uelekeo, kwamba kuna kilele na kiko karibu upande gani, halafu unajaribu bei mpya wiki moja ukiandika kwa daftari. Ya waya ndiyo unaweza kuiamini mpaka mita ya mwisho, juu waya haibadilishi mawazo.

Barabarani ipo pia, na hii nisiipite juu kijana siku moja atashika usukani ama atapanda boda. Umbali ambao gari linateleza likishafungiwa breki unaenda na mwendo mara mwendo. Kwa lami kavu kama linasimama kwa mita 9 likiwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, likiwa na 80 halihitaji 18, linahitaji 36. Hapo ni tambarare, mteremko wa Salgaa ni mbaya zaidi. Achore bakuli hilo, kasi chini na mita kando, aangalie jinsi upande wa kulia unavyosimama kama ukuta.

Kwa upande mwingine, grafu si dawa ya kila kitu. Kama swali linataka jibu la nafasi tatu za desimali, fomula ama kukamilisha mraba ni haraka na sahihi zaidi, kwa grafu unasoma kwa macho na unaweza kukosea nukta moja ama mbili za desimali. Kilele ukitaka bila kuchora, chukua miguu miwili, ongeza, gawa kwa mbili: 0 na 20 za kijana zinakupa 10. Umeona? Hata ile saa nzima aliyotumia haikupotea, alikuwa na kilele mkononi bila kujua. Ningependa atumie vyote, achore haraka kwa mkono bila skeli ndio ajue swali linauliza sehemu gani, halafu ahesabu.

Sasa tuisheni. Kabla ya kulipa mtu, fanya jaribio moja nyumbani bila gharama. Mpe swali la hadithi kutoka kitabuni, asome, afunge kitabu, halafu akuhadithie kwa Kiswahili ama kwa lugha ya nyumbani nini kinaendelea: nani anafanya nini, nini kinajulikana, nini kinatafutwa. Asitaje x. Hesabu zimeandikwa kwa Kiingereza na watoto wengi ninaowaona hawashindwi na kwadratiki, wanashindwa na sentensi. Akishindwa kuhadithia, tuisheni ya hesabu itakuwa ya bure, anahitaji mtu wa kusoma naye maswali polepole, na huyo anaweza kuwa wewe. Akihadithia vizuri halafu akashindwa kuandika ekwesheni, shida ni kuhama kutoka maneno kwenda alama, na hapo maswali mawili kwa wiki ya vitu vya nyumbani yanatosha kwa muhula mmoja, naamini hivyo kabisa. Akiandika ekwesheni vizuri lakini mabano na alama za kutoa zinamchanganya, basi pengo liko nyuma, kidato cha kwanza na cha pili, na hapo mtu wa kukaa naye ana kwa ana anahitajika kweli.

Vyovyote vile anza na mwalimu wake wa hesabu. Nenda na daftari, usiende na matokeo peke yake, onyesha ile kurasa ya waya na ile ya jiwe aliyofuta. Mwalimu akiona kazi yenyewe atakwambia kwa dakika kumi kile mimi siwezi kuona kutoka Kisumu. Na kama kuna mtu anakulazimisha ulipe tuisheni ya likizo shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza, usiogope kuuliza.

Kitu kidogo tena. Kama nukta zake kwa karatasi ya grafu zinakaa kando ya mahali zinapofaa, ama anainamisha uso sana karibu na daftari, mpeleke kliniki ya macho. Nilikuwa na mwanafunzi msichana ambaye grafu zake zilikuwa zinakosea kwa kiboksi kimoja kidogo kila mara, nikamwandikia "kuwa makini" muhula mzima kwa kalamu nyekundu. Alipopata miwani ndio nikaelewa kwamba vile viboksi vidogo hakuwa anaviona. Ile kalamu nyekundu bado inaniuma.

Kuhusu kuku wangapi wanatosha kwa mita 192, hiyo muulize afisa wa mifugo wa wadi yenu, inategemea aina ya kuku na kama wanalala ndani, sitaki kukupa namba ya kubahatisha.

Halafu mama, hujaniambia mlango. Kiwanja lazima kiwe na mlango, na kama fundi atakutengenezea wa mbao wa mita 1 na kuuweka upande wa mbele, hiyo mita moja haitoki kwa waya yako, kwa hivyo ni kama una mita 41. Ukuta bado ni 16. Mwambie kijana aandike ekwesheni upya, achore, aseme ni mguu, kilele ama ubavu, halafu aangalie ukuta kabla hajakupa jibu. Mimi nimepata mkono mita 12.5 na eneo mita 200 za mraba kamili, lakini usimwonyeshe hii aya mpaka amalize.